Glasi ya Dirishani

Jana jioni lori la kokoto lilipita nje, na glasi ikalia juu ya meza yangu, mlio mwembamba kama wa mbu. Niliacha kukata mchicha nikaitazama. Mimi niliishia darasa la saba, sina ufundi wa kuandika, na pengine mengine nitayaeleza vibaya. Lakini mlio ule ningeukosea vipi?

Shule yetu ilikuwa Nyamongo, upande ambao mchana king'ora cha mgodi kinalia, kisha baruti. Sakafu ilitetemeka mpaka magotini, vumbi la ukuta likatushukia kichwani, tukaota mvi kabla ya umri. Wengine tulilia. Nyumbani tulishaambiwa Mkurya halii, kwa hiyo aliyelia alichekwa hadi njiani.

Mwalimu wetu wa darasa la tano alikuwa kijana mgeni kutoka Singida. Yeye hakutukataza. Aliweka glasi ya maji dirishani, akasema baruti ikilia, glasi nayo ikalia, kila mtu aangalie maji, asiseme neno mpaka yatulie. "Maji hayakatazwi kutikisika," alizoea kusema. "Yanangojwa." Basi tulingoja, kisha mmoja anasema yametulia, tunaendelea na hesabu pale tulipoishia. Hata mtu akikosa jibu akanuna, wa nyuma walimwambia, "Chacha, yako bado yanacheza," naye anacheka. Nikisema ukweli, ilisaidia. Ghati, niliyekaa naye dawati moja, mwanzoni alikuwa akiingia chini ya dawati. Mwisho akawa yeye ndiye anayetutangazia kwamba yametulia.

Ghati alilelewa na kaka yake, Marwa, aliyeuza ng'ombe wake akaenda kuchimba dhahabu kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo. Jioni alimpitia shuleni, ana udongo mpaka kwenye kope, na sisi tunagombania kumwamkia.

Siku hiyo baruti ilikuwa imeshalia na maji yameshatulia. Pikipiki ikasimama uwanjani, mjomba wake Ghati akaingia bila hodi. Alimnong'oneza mwalimu, lakini darasa zima tulisikia: duara limeporomoka, Marwa yuko chini, watu wanafukua kwa majembe. Ghati alisimama. Alitetemeka mpaka meno yakagongana. Mimi nilimshika sketi, kwa sababu sikujua kingine cha kushika.

Mwalimu akanyoosha kidole dirishani. Sijui kama alifikiri. Nadhani mkono ulikwenda wenyewe. Ghati akageuka akayaangalia maji. Yalikuwa kimya kabisa. Aliyaangalia muda mrefu, na sisi wote tukaangalia pamoja naye.

"Yametulia, mwalimu," akasema. "Sasa nifanyeje?"

Mwalimu akaenda kuichukua ile glasi, labda ampe anywe, na mkononi mwake maji yakaanza kucheza, yakacheza mpaka yakamwagikia shati lake. Mjomba akamshika Ghati mkono, wakaondoka.

Marwa walimtoa kesho yake, ameshafariki. Baada ya msiba Ghati alirudi darasani siku chache tu, kisha shangazi yake akamchukua kwenda Issenye. Sijamwona tena.

Wapo waliomsema mwalimu, kwamba alimfanyia mchezo mtoto anayefiwa. Mimi siwezi kusema hivyo. Wala siwezi kusema alitupa ujasiri wote tuliouhitaji, maana nilikuwepo. Wakati ule tulimwona mtu mzima. Leo mdogo wangu wa mwisho amefika umri ule aliokuwa nao mwalimu, na bado ananipigia simu kuniuliza maharage yanachemshwa muda gani. Sasa ndiyo naelewa kidogo. Alitufundisha kungoja, kwa sababu ndicho alichokuwa nacho. Cha baada ya kungoja hakuwa nacho, na mimi mpaka leo sijakipata.

Jana glasi ilitulia. Nikabaki palepale, kisu mkononi, naitazama.