Siku Nilipomlilia Mama kule Kanoni

Nilimuuguza mama miaka minne, nikimgeuza na kumwogesha kila siku. Alipofariki sikulia, maana nilikuwa nimechoka mno. Baada ya mazishi mabega yalikakamaa, na dawa za hospitali hazikunisaidia. Muuguzi mmoja akanielekeza kwenye kikundi cha wanawake wanaofanya mazoezi ya kutuliza majonzi, kinachokutana kwenye ukumbi wa kanisa huko Kanoni.

Mshauri wa kikundi alituambia tuvue viatu, tusimame kwa duara, tupumue taratibu, kisha tutikise mikono na miguu mpaka mwili utetemeke wenyewe. Niliona aibu, nikasimama tu. Bibi mmoja aliyekuwa kando yangu akaniwekea kiganja mgongoni.

“Mwanangu, hapa umebeba nini?”

“Sijui, bibi. Mama yangu, labda.”

“Basi mtue kidogo.”

Magoti yakaanza kutetemeka, nikashindwa kuyazuia. Nikakaa sakafuni, nikamlilia mama kwa sauti, miezi saba baada ya kumzika. Hakuna aliyeninyamazisha. Bibi naye alikuwa analia, wala sikumuuliza anamlilia nani.

Nilirudi nyumbani kwa miguu, nikipumzika mara mbili migombani. Uchovu haukuisha. Lakini jioni hiyo niliweza kuingia chumbani kwa mama, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na kufungua dirisha.