Tulileta Jicho, Wakashika Mkono

Jumanne, mwezi wa saba. Ukungu umekalia majani chai hadi saa sita, na baridi imeingia kwa mifupa.

Mwanangu Karimi, jana ulicheka ukinieleza kwamba hospitalini huko Nchiru wamekupima presha ikawa juu, wakakupa dawa, na wewe huumwi popote. Maneno hunipotea mdomoni, na shule niliachia darasa la saba, lakini acha nijaribu kuandika.

Nakumbuka asubuhi niliyong'ata jiwe ndani ya muthere, mahindi na maharagwe yetu ya kuchemsha. Mama yangu, yule uliyepewa jina lake, hakuwahi kuacha jiwe kwa maharagwe. Nikamtazama akichagua, kumbe anapapasa. Mboni ilikuwa imefifia, nyeupe kama maji yaliyooshewa mchele. Majirani wakasema ni mtoto wa jicho. Mama yako alikuwa na mimba yako, na nyanya yako alitaka kitu kimoja tu: auone uso wa wajina wake.

Nikampeleka hospitali, Meru mjini. Muuguzi, msichana wa rika langu, hakuanza na jicho. Alimfunga mkono, akapima presha mara mbili, akasema iko juu mno, hatapasuliwa jicho siku hiyo. Ameze dawa, apunguze chumvi, arudi baada ya mwezi.

"Tumeleta jicho, wewe unashika mkono," nikamwambia mbele ya watu.

"Mwili ni mmoja, kijana. Jicho na moyo vinanyweshwa na mfereji mmoja."

Ni haki niseme: hakudai kwamba presha ndiyo iliyoleta mtoto wa jicho. Alisema uzee nao upo, na sukari, ila mara nyingi huona mishipa mibovu na macho mabovu kwa mtu yule yule. Mimi nilisikia kiburi tu. Nikamrudisha Mama nyumbani, dawa nikaziweka juu ya kabati. Labda angeugua hata akizimeza, sijui. Ninachojua ni kwamba sikumpa.

Mwezi haukuisha kabla upande wake wa kulia haujapooza kwa kiharusi. Ulipozaliwa tulikuweka mapajani mwake, akakupapasa uso kwa mkono uliobaki, polepole, kama anayechagua maharagwe.

"Pua ni yangu?"

"Ni yako, Mama."

"Usinidanganye kwa sababu sioni."

Tulimzika akiwa bado na shaka. Nilikuwa nimesema kweli.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini guu lililovunjika halikuwa langu, mwanangu, na hilo ndilo linaloniuma.

Basi meza hizo dawa hata kama huumwi. Chumvi ipunguze. Rudi wakupime, na macho nayo wayaangalie. Usingoje jiwe likuambie. Mungu akutunzie moyo na mboni zako, uwaone wajukuu wako uso kwa uso.

Jioni tumekula muthere. Maharagwe nimeyachagua mwenyewe, mara mbili, na chumvi mama yako ametia kidogo tu.