Mbwa wa Marehemu na Mtani Wangu

Andika kama ninavyosema, mjukuu wangu, wala usitie chumvi.

Tulipohamishwa kutoka Kwihara kwenda kijiji cha Ujamaa, babu yako alikuwa amekwisha kufariki. Kitu chake pekee chenye pumzi kilichonibakia kilikuwa mbwa wake mzee. Kila jioni mbwa yule aliketi akiitazama njia tuliyojia. Nilimwacha, kwa kuwa nami nilikuwa nikiitazama.

Bwana mifugo wa kijiji alikuwa Mgogo. Wagogo ni watani wetu sisi Wanyamwezi tangu babu zetu walipopita kwao na misafara ya pembe za ndovu. Hakuniamkia hata siku moja. Alinitukana, nami nikamtukana, pasipo mmoja wetu kucheka. Alizoea kuniuliza mbwa yule nitamchinja lini.

Asubuhi moja mbwa alifukua chini ya rundo la nguzo tulizong'oa kwenye nyumba ya zamani, akapiga ukelele. Nge alikuwa amemchoma puani. Uso ulivimba, mate yakamchuruzika, miguu ikatetemeka. Majirani walitaka kumchanja na kumwekea jiwe la nyoka linyonye sumu. Nikawakataza, nikaenda kwa bwana mifugo.

"Mbwa wangu ameumwa na nge."

"Maskini nge," akajibu. "Mmemzika wapi?"

Nikarudia. Akaniagiza nikawape pole wafiwa wa nge, akaendelea kuogesha ng'ombe. Sijazoea kulia mbele za watu, na uso wangu ulikuwa uleule wa siku zote tulipotaniana. Nikaondoka.

Mchana alipita kwangu kuendeleza utani, akamkuta mbwa amelala mapajani pangu. Akaiangusha baiskeli. Alimchoma sindano ya maumivu na uvimbe, akamkanda pua kwa kitambaa cha maji baridi, akakataza asisogezwe. Alisema kwamba hakuwa na dawa ya kuiondoa sumu yenyewe; mnyama husaidiwa kuvumilia mpaka ipungue, na heri aanze kusaidiwa mapema. Maneno hayo ya mwisho aliyasema akitazama chini.

Moyo wa mbwa mzee haukuvumilia.

Yeye ndiye aliyechimba shimo, kama watani wachimbavyo kaburi. Msibani mtani hutania, ili wafiwa wapate kupumua. Nilingoja. Akafukia kimya.

"Sema neno, mtani," nikamwambia.

Akaiinua baiskeli yake, akaenda zake. Kesho yake tulikutana njia ya kisimani, akavua kofia.

"Shikamoo, mama."

Nikaitikia marahaba. Hakunitania tena mpaka alipohamishwa.