Konzi Moja Kutoka Kila Kibuyu

Mimi si mtu wa kushtuka. Nimevusha mizigo Ruvuma huku ndege za Mreno zikinguruma juu, nimejenga duka bila kumaliza darasa la pili, na nilidhani hakuna jipya lililobaki. Juzi, wasomaji wangu, nikaletewa habari: yule mama muuguzi wa zahanati yetu ya msituni, mtani wangu Mmakonde wa bara, amefariki usingizini, baada ya kuwachekesha wagonjwa jioni nzima. Nikaketi chini.

Wakati wa vita vile alikuwa na vibuyu viwili: kimoja cha watoto wa kuhara waliochomwa sindano, kingine cha walionyweshwa maji yaliyochemshwa, yenye chumvi na sukari. Mtoto akipona, alitia korosho nzima. Akifa, korosho iliyoungua. Nilimcheka sana. Mambo ya korosho, nikamwambia, tuachie sisi wanunuzi.

Kisha binti yangu akaanza kuhara, macho yakamwingia ndani. Dawa ya sindano ilibaki chupa moja, tena niliivusha mwenyewe. Nikaitaka, nikasema natoa hata baiskeli yangu. Kwetu sisi mgonjwa asiyechomwa huhesabiwa hajatibiwa, na majirani wangesema nini juu ya tajiri kama mimi?

"Mtani," akaniuliza, "gunia la korosho unalinunuaje?"

Nikajibu: natia mkono mpaka chini, natoa konzi, natazama mbovu.

"Haya, nunua," akasema, akinisogezea vile vibuyu viwili.

Konzi ya sindano ilitoka karibu nusu nyeusi. Ya maji, nyeusi moja tu. Sikukubali upesi, nikasema labda waliochomwa walikuwa hoi zaidi. Akacheka, akasema swali hilo ni la mtu mwenye akili, ila vibuyu vyote viwili ni vya watoto waliofika wangali wanameza, kama wangu.

Basi tukamnywesha, kijiko kwa kijiko. Kesho yake mchana alikuwa amenuna, anadai uji. Ile chupa ilimwendea mpiganaji mwenye jeraha la mguu, na mguu anao hadi leo.

Wauzaji wote huweka korosho nzuri mdomoni mwa gunia. Sindano ilikuwa mdomo wa gunia, nami, bingwa wa korosho, nilikuwa tayari kumnunulia mwanangu dawa kwa kutazama juu tu. Siku hizi popote ninapoamua jambo zito, natia mkono mpaka chini.

Baiskeli aliikataa. Alitaka nilipie chumvi na sukari tu, kwa bei ile ile niliyokuwa nikiiuzia zahanati yake, bila kupunguza: shilingi mbili na senti themanini.