Siku Niliposifu Vumbi Uwanjani

Afadhali niisimulie mwenyewe, kwa sababu huku Columbus, Marekani, wameshaitia chumvi mpaka inasemekana nilianguka mbele za watu, na mimi sikuanguka, niliaibika nikiwa nimesimama wima na kipaza sauti mkononi.

Ilikuwa kiangazi cha 2015. Vijana wetu wanaofanya kazi ghalani, Warundi na Wakongo wa mitaa ya Linden na Reynoldsburg, walikuwa na timu ya besiboli (ndiyo, besiboli, watu waliokulia kambi ya wakimbizi wakipiga mpira wa makaratasi), na timu ilikuwa imempoteza shotstopu wake, yule anayesimama kati ya besi ya pili na ya tatu, vile vituo wanavyovikimbilia wapigaji, mahali ambapo mipira mikali haiishi kupita. Alikuwa amewafuata shemeji zake Iowa. Msimamizi wa ghala, Mmarekani aliyeipenda ile timu kuliko chakula chake, akaahidi kwamba atakayeziba pengo atapewa kazi ya zamu ya mchana. Wakajitokeza wawili wasio na timu: Faustini, Mkongo kutoka Buffalo aliyekuwa akifanya kazi kiwandani Tonawanda karibu na huko, na Inosenti, Mrundi kutoka Louisville, zaidi ya saa tatu kwa gari, ambaye mkewe Esperansi alikuwa tayari kwa dada yake Reynoldsburg, mimba imekua, akimsubiri. Faustini alitaka kuhama tu. Inosenti alitaka kuwa karibu na mkewe akijifungua. Nililijua hilo, na nikajiambia mwamuzi wa haki halitazami.

Kwetu jambo la namna hiyo hukabidhiwa mzee mmoja, anaamua, anatangaza baada ya ibada, na likishatangazwa halirudi nyuma, maana likirudi Wakongo watasema Warundi wamependeleana au kinyume chake. Wakanichagua mimi kwa kuwa zamani, kambini Kigoma, nilikuwa natangaza mechi za soka. Kapteni, kijana wa Uvira anayeitwa Gedeoni, aliniuliza kwa heshima kama besiboli naielewa. Ningesema hapana, ningekula wali wangu nikaenda kulala. Nikamjibu kwamba mchezo ni mchezo.

Jumamosi wakajaribiwa. Gedeoni alipiga mipira, mimi nikakaa kwenye kiti cha kukunja, miguu nimeikutanisha kama hakimu. Inosenti alinichosha. Kabla mpira haujapigwa alikuwa anasogea hatua moja, mbili, kisha mpira unakwenda ulipo mkono wake, anauokota kama mtu anayeokota nyanya sokoni, anautupa, basi. Nikaona huyu ana bahati, mipira inamfuata. Faustini sasa! Huyo aliruka, akalala, akabiringika, akainuka na vumbi mpaka kwenye nyusi, na kina mama wakapiga vigelegele. Mimi jicho langu ni la soka, na kwenye soka kipa mnayemkumbuka ni yule anayeruka.

Jumapili nikasimama kanisani nikasema Faustini ni mpiganaji, na Inosenti (nalikumbuka neno langu, bahati mbaya) ni mtu anayengoja riziki imkute. Watu wakacheka. Esperansi alikuwa benchi la tatu, hakucheka. Jioni ile Inosenti akapanda gari kurudi Louisville.

Mechi ya kwanza niliomba kipaza sauti ili nitangaze kwa Kiswahili. Mpira wa kwanza ukaja, Faustini akaruka, akalala, nikapaza sauti kwamba mmeona, ndiye niliyewachagulia. Mpira ulikuwa umepita. Wa pili vilevile, nami nikasifu tena, sasa nikieleza namna alivyojinyoosha, huku wapinzani wanazunguka besi kama wanatembea bustanini, na watu wa jukwaani waliokuwa wakishangilia wakaanza kunitazama mimi badala ya uwanja. Nilidhani wananisikiliza. Ulipopita mpira mwingine, Gedeoni akaomba mchezo usimame kidogo, akaja hadi nilipo, akaweka kiganja juu ya kipaza sauti, lakini hakukifunika vizuri, kwa hiyo uwanja mzima ulimsikia.

"Mzee, bon, ule haruki. Anaanguka sababu anachelewaka. Mwenye kuanguka si ndiye mzuri. Mzuri unamkuta ameshafika."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mapema.

"Ulisema mchezo ni mchezo, mzee. Mimi ni mtoto, nikubishie kanisani?"

Tulipigwa vibaya, matokeo siyataji. Nilitaka Jumapili niyarudishe maneno yangu, wazee wakanikatalia: Faustini alikuwa ameshahamisha hata kitanda chake kutoka Buffalo, ameshaanza kazi, na neno la mzee halirudi. Vijana wakampeleka kucheza nyuma kabisa uwanjani, ambako kukimbia na kujirusha kuna faida, na huko alifaa. Inosenti alipata habari akiwa kazini kwamba mkewe ameshikwa na uchungu wa uzazi. Aliendesha gari kutoka Louisville bila kusimama, akamkuta mwanawe ameshazaliwa na ameshalala.

Nilikwenda kuwaona nikiwa na mfuko wa unga na maneno ya kuomba radhi niliyoyapanga njiani. Inosenti akanipa kiti, akasema yamekwisha, mzee, kula kwanza. Esperansi akaingia chumbani. Akaniletea mtoto, akaniwekea mikononi, akarekebisha kichwa chake juu ya kiwiko changu.

"Mtazame vizuri, mzee," akasema, "kabla hujatuambia anafanana na nani."

Nikamtazama kwa muda mrefu. Sikusema anafanana na nani, na mpaka leo sijasema.