Ngozi ya Ngoma ya Baba

Baba yangu alipiga ngoma kanisani kwetu Kamina kwa miaka mingi, na ngoma ile ilifia mikononi mwangu. Naona afadhali niseme hivyo mwanzoni, ili msomaji asije akanihurumia bure.

Alikuwa mkulima. Utotoni mwake mapadri wazungu walikataza ngoma kanisani, wakisema ni mambo ya wapagani. Waliporuhusu, nami nilikuwa msichana mdogo, alichonga yake mwenyewe, akaivika ngozi ya swala, akaibeba kichwani hadi kwenye Misa. Kila Jumapili, kabla ya watu kuingia, aliwasha majani makavu nyuma ya kanisa na kuipasha moto mpaka ngozi ikaze. Kwangu mimi Jumapili ilinukia ule moshi.

Kisha yakaja magitaa. Vijana wa familia za askari wa kambini waliunda kwaya yao, wakaleta bafle mbili, yaani spika kubwa, na batri ya gari, wakaimba kwa Kilingala. Padri, ambaye wakati huo alikuwa Mzaire mwenzetu, alitafuta njia ya kati: Misa ya kwanza ngoma na Kiluba, lugha yetu, Misa ya pili magitaa. Wazee walikubali. Lakini mabenchi ya Misa ya kwanza yalianza kubaki wazi, na mimi ni mmoja wa waliohama. Sitasema nilidanganywa. Nilizipenda zile nyimbo. Walinipa kitambaa cha sare ya kwaya, na kwa mara ya kwanza watu waligeuka kunitazama.

Baba akaugua kifua, akashindwa kutembea hadi kanisani. Ngoma ilibaki katika stoo ya parokia, na ufunguo nilikuwa nao mimi kwa sababu nilikuwa nafagia pale. Akaniagiza kila siku ya posho, ndivyo tunavyoita Jumamosi, niitoe juani, niipake mafuta ya mawese, na wakati wa mvua niipashe moto.

“Njo itanitoa kanisani,” alisema.

Alitaka ngoma ile imsindikize kutoka kanisani mpaka kaburini. Hakuomba kitu kingine.

Nilifanya hivyo mara mbili. Lakini siku ya posho ilikuwa pia siku ya mazoezi ya kwaya, na mara ya pili nilifika nikiwa na moshi nguoni. Msichana mmoja wa kambini alisogea pembeni. “Weye unanuka samaki ya Kinkondja,” alisema, akimaanisha wale samaki wa moshi wa sokoni, na wenzake wakacheka. Nilicheka pamoja nao. Wiki iliyofuata sikuwasha moto.

Baadaye bafle zililetwa kulala stoo, nafasi ikawa ndogo, nikaisukuma ngoma hadi kwenye ukuta wa nyuma. Paa lilikuwa linavuja pale. Nilijua, maana beseni la kukingia maji nililiweka mimi mwenyewe, na nililiondoa ili ngoma ienee.

Kila siku ya posho jioni Baba aliniuliza kutoka kitandani kama nimeipaka, nami nilijibu nimeipaka. Siku moja alinishika mkono akaunusa. Tangu hapo nilipitia kwanza jikoni, nikachovya vidole katika chupa ya mawese, ndipo nikaingia kumsalimu.

Alikufa katikati ya mvua. Wakati wa Misa ya maziko rafiki yake wa zamani, mzee aliyekuwa akitikisa manyanga kando ya ngoma yake, aliniomba ufunguo. Nilimfuata stoo. Aliinamisha ngoma, akaweka kidole gumba juu ya ngozi kama walivyozoea kuijaribu, na kidole kikazama ndani. Harufu ilitoka. Alikitoa polepole, akakipangusa kwenye suruali.

“Mwana,” aliniambia, “hii ngozi haikukufa leo.”

Hakusema zaidi, wala kwangu wala kwa watu. Alifunga mlango, akarudi kusimama karibu na jeneza mikono mitupu. Padri alipoona hakuna ngoma aliwapa ishara vijana wa magitaa. Walipiga vizuri. Ni lazima niseme hivyo, walipiga vizuri na kwa heshima. Lakini wanawake wa kijijini kwetu, waliokuja kwa miguu wakiwa na nyimbo zao za Kiluba tayari, hawakujua pa kuingilia. Walitembea nyuma ya jeneza midomo imefungwa. Mimi, katika kitambaa changu cha kwaya, niliimba.

Tulipokuwa tumekaa kwenye matanga, Mama aliniuliza, bila kuinua kichwa:

“Ile ngoma, ulikuwa unaipakaa?”

“Hapana, Mama.”

“Na ile mafuta mu mikono yako?”

Nilimweleza. Alivuta nyuzi za mkeka, mmoja mmoja. Nilingoja anitukane. Mwishowe alisema tu kwamba basi Baba alikufa akiwa na furaha, akaniomba nimletee maji.

Aliishi miaka kadhaa baada ya hapo, akienda Misa ya kwanza, akikaa nyuma, akisali bila kuimba. Sikumsikia tena akiimba hata shambani. Alipokaribia kufa alituita watoto wote, lakini alinitazama mimi.

“Munizike bila wimbo,” alisema. “Hata moja.”

Padri alishangaa, akauliza mara mbili, kisha akakubali. Siku tulipomzika nilisikia majembe, nikasikia udongo ukigonga ubao, na mtu akikohoa. Kanisa zima lilikuwa pale, wa ngoma na wa magitaa, na hakuna aliyefungua mdomo.