Goti la Wattie na mpira wa shimo la kumi na saba

Saa kumi na moja na robo alfajiri Wattie Cargill yuko peke yake kwenye uwanja wa gofu wa Skellaw. Anatembea kwa hatua za kuhesabu. Akifika kwenye mashimo ya mchanga anasimama, anaandika namba kwenye kijitabu, analipapasa goti la kulia, kisha anaendelea. Mvua ni ya manyunyu, na upepo unatoka baharini.

Ni Ijumaa, siku ya pili ya mashindano makubwa ya wachezaji waliovuka miaka hamsini. Wattie ana miaka 66 na amebeba mikoba ya fimbo za gofu kwa miaka 44. Mkoba wenye mwavuli na nguo za mvua unafika kilo kumi na nane.

"Zamani nililala nikiwaza kama tutashinda," anasema. "Siku hizi nawaza ngazi za kwenda chooni."

Kwenye kibanda cha wabeba mikoba, chai ni kali na mikate ina soseji. Eck Mathers, aliyeanza kazi naye mwaka uleule, anamwona akiingia.

"Jamani, msikieni huyo! Goti linalia kama mlango wa kanisa."

"Angalau mlango wa kanisa unafunguka," Wattie anamjibu. "Wewe mgongo wako umefungwa tangu Krismasi."

Wanacheka, lakini Wattie hakai. Anasema akikaa itamchukua dakika tano kusimama.

Mchezaji wake ni Magnus Inkster, mwenye miaka 57. Wamekuwa pamoja miaka kumi na tisa. Inkster hajawahi kuwa na jina kubwa. Nje ya msimu wa gofu huendesha basi la shule. Miaka miwili iliyopita alikuwa nje kwa sababu ya mgongo, na nafasi ya wiki hii aliipata Jumatatu kwenye mchujo, kwa mkwaju mmoja tu. Akifanya vibaya hapa, hana mwaliko mwingine mkubwa.

Kufikia mchana hesabu ilikuwa imejulikana uwanja mzima: mwenye mikwaju 149 au pungufu kwa siku mbili ataendelea Jumamosi. Wengine wanafunga mizigo. Inkster alifika shimo la kumi na saba akiwa sawasawa kwenye mstari huo, mradi asikosee tena.

Mpira wake uliangukia nyasi ndefu upande wa bahari. Mzee mmoja wa kujitolea aliuona, akauonyesha kwa kidole, akarudi kwenye nafasi yake. Inkster aliutambua, kisha akapanda kituta kuitazama bendera.

Wattie alikuwa anashusha mkoba.

"Goti likaniachia," anasema. "Halikuuma hata. Liliondoka tu, kama mtu anayetoka chumbani bila kuaga."

Alijizuia kwa mkono. Kitako cha mkoba kikaugusa mpira, ukabingirika kiasi cha upana wa kiganja na kutulia mahali pazuri kuliko pale mwanzo.

Alitazama nyuma. Watazamaji walikuwa mbali, kofia zimevutwa usoni kwa sababu ya mvua. Mchezaji mwenzao alikuwa ng'ambo ya pili. Inkster bado alikuwa amempa mgongo.

"Siwezi kukuambia nilifikiri nini," anasema. "Nilikuwa nimechoka mno kufikiri. Nilimwita tu."

"Magnus. Nimeusogeza."

"Umesogeza nini?"

"Mpira. Kwa mkoba."

Inkster aliteremka. Aliutazama mpira, akamtazama Wattie, akainua mkono kumwita mwamuzi. Mwamuzi alisikiliza, akaagiza mpira urudishwe ulipokuwa na kuongeza mkwaju mmoja wa adhabu. Haikuchukua dakika nne.

Mashimo mawili ya mwisho waliyatembea bila kuzungumza zaidi ya namba za umbali. Inkster alicheza vizuri. Alimaliza na mikwaju 150, mmoja zaidi ya mstari.

Nje ya chumba cha kusainia kadi alikaa kwenye benchi, akavua viatu, akakamua soksi moja.

"Wattie," akasema, "nina njaa."

"Hayo tu," Wattie anasimulia nyumbani kwake, na hapa anageuza uso dirishani. "Nilitamani anitukane. Mtu akikutukana, unajua mmefika wapi."

Kwa wiki hiyo alipata malipo yake ya kawaida, pauni mia saba. Lakini anaporudia habari hii, mara tatu nzima, hataji fedha. Anataja lile benchi.

Jioni hiyo alimwambia mkewe, Netta, kwamba kazi imekwisha.

"Nikamwambia afadhali," anasema Netta, aliyefanya kazi ya kufua mashuka hotelini hadi alipostaafu. "Goti hilo nalisugua mafuta kila siku. Yeye anabeba mkoba, mimi nambeba yeye."

Jumamosi asubuhi, wakati wenzao wakianza raundi ya tatu, mlango uligongwa. Alikuwa Inkster, mkononi ana mfuko wa mikate ya moto.

"Nilidhani umeshaondoka," Wattie alimwambia.

"Niende wapi? Basi la shule halianzi mpaka mwezi wa nane." Akaketi bila kukaribishwa. "Daktari anasemaje kuhusu goti?"

"Upasuaji ni Oktoba. Nimesubiri miezi kumi na minne."

"Basi mwakani nitajaribu mchujo tena. Njoo ukiweza. Usipoweza, nitakuja kukuuliza upepo, halafu nitambebesha mtu mwingine."

Ya mpira hawakuyazungumza. Walikula, Netta akaongeza chai.

Wattie hajui kama atabeba tena. Anachokitaka baada ya upasuaji ni kidogo, na anakisema kwa aibu kidogo.

"Nataka niuzunguke uwanja wa Skellaw, mashimo yote kumi na nane, mikono mitupu. Miaka hii yote nimetazama mpira wa mtu ulipoangukia. Kuna pembe kule shimo la kumi na mbili, wanasema ukisimama unaona mnara wa taa. Mimi sijawahi kuinua kichwa."

Netta anakusanya vikombe.

"Nitakuja nawe," anamwambia. "Lakini mwavuli utaubeba mwenyewe."